Damu Haitoshi Mishipa Yote

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na minne. Chekeni kwanza, mmalize, halafu tuendelee. Wachezaji wa mpira hustaafu umri huo huo na hakuna anayewacheka. Wao huharibikiwa goti, mimi kiliniharibikia kifundo cha mkono. Bodaboda ilituangusha kwenye kona yenye mchanga huko Gudele, hapa hapa Juba, mfupa ukaunga vibaya, na sasa vidole vya mkono wa kulia vinatetemeka kidogo ninapovikaza. Kidogo tu. Mchuzi bado nakoroga, nywele bado nasuka. Lakini mtoa damu na mweka dripu hawezi kusema "kidogo tu", na sikutaka siku ya kujua ukubwa wa hicho kidogo iwe juu ya mkono wa mtoto wa mtu. Basi nimerudisha glavu, nimekunywa soda yenu ya kuagana, na mmeniomba ninyi mnaobaki kwenye chumba cha sindano niwaandikie nilichokiona kwa miaka kumi na mitano.

Shule yangu iliishia darasa la saba, upande wa Uganda, tulipokuwa wakimbizi. Maneno makubwa msiyatafute humu. Mtakachokipata ni mshangao, maana mpaka siku yangu ya mwisho kila niliposhika mkono wa mgonjwa nilikuwa bado nashangaa.

Nilianza kwa kufagia. Kliniki yetu pale Buluk ilikuwa vyumba viwili na veranda, na mimi nilikuwa msichana wa ndoo na deki. Muuguzi alikuwa Sista Prossy, Mganda, mfupi, mwenye kicheko cha kusikika mpaka barabarani. Aliniona ninavyonyemelea mlangoni kila anapotoa damu. Mwezi wa tatu akaninyang'anya deki, akanipa ule mpira wa kufungia mkono, akasema, "Kaa hapa. Shingo yako itarefuka kama ya twiga."

Mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mpakia magunia, mikono kama nguzo za daraja, mishipa imetokeza kama mizizi.

"Huyu ni zawadi," Sista Prossy akaninong'oneza. "Hata kipofu anapata."

Nikafunga mpira, nikasafisha ngozi, nikararua karatasi ya sindano. Yule jamaa akaiona sindano. Wallahi, mshipa ukazama mbele ya macho yangu, kama nyoka anavyorudi shimoni. Nikabaki naangalia mkono mtupu.

"Sista, umeenda wapi?"

"Imeogopa. Mshipa iko na woga kuliko mwenyewe."

"Mimi siogopi!" jamaa akasema, jasho likimtiririka puani. "Mimi nilikuwa jeshini!"

"Wewe ulikuwa jeshini, baba. Mshipa haikuenda."

Tukacheka wote, hata yeye. Sista akamuuliza habari za nyumbani, akaanza kusimulia mapacha wake wanavyopigania titi moja wakati la pili liko wazi. Alipofika katikati ya kisa, mshipa ukainuka tena taratibu. Nikachoma. Damu ikaingia.

Usiku huo sikuwaza kingine. Nilikuwa nadhani mshipa ni bomba, limelala pale tangu mtu azaliwe, upana ule ule. Kumbe ukuta wake una msuli. Msuli mwembamba uliozunguka bomba kama mkono uliokamata mpira wa maji, ukibana bomba linasinyaa, ukilegea linapanuka. Na amri ya kubana inatoka kichwani na kufika mkononi kabla mwenyewe hajajua kama ameogopa. Yule jamaa alikuwa anasema ukweli: yeye hakuwa ameogopa bado.

Sasa vifaa, kwa sababu naona mnavyovitupatupa. Mpira wa kufungia: kaza kiasi cha kuzuia damu isirudi, si kiasi cha kuizuia isije. Ukikaza kama unafunga mzigo wa kuni, mkono unakuwa mweupe, nawe unakaa kungoja mshipa ujae. Utajaa na nini? Kidole: cha shahada, si gumba, kwa sababu gumba lina mapigo yake, litakudanganya. Macho: msiyaamini sana. Mshipa unaoonekana mara nyingi ni mwembamba na mjanja, na ule wa maana uko chini, unadunda kidogo ukiubonyeza kama mpira uliojaa upepo. Halafu kitambaa cha moto. Hicho kilikuwa fahari yangu. Kila asubuhi nilijaza chupa ya chai maji ya moto, na mkono uliokataa nilikuwa nauzungushia kitambaa nilichokichovya humo na kukikamua, dakika chache tu, nao ulifunguka kama mlango wa jirani mwema. Watu wa mtaa waliniita Kiden wa Kitambaa. Walikuja wakiomba wachomwe na mimi, na nakiri kichwa kilivimba.

Kilipungua mwenye kliniki alipoweka kiyoyozi. Wiki ile mishipa yote ya Juba ilipotea. Watoto, wazee, wabeba mizigo, wote mikono imelala kama unga. Nilichoma watu mara mbili, mara tatu, nikalia chooni. Nikajua nimerogwa. Nikafunga siku nzima bila kula, nikaomba. Sista Prossy alikuwa likizo kwao, aliporudi nikamweleza yote huku nimeshika Biblia. Akasimama katikati ya chumba, akajikunyata.

"Kiden, Mungu hana shida na wewe. Wewe umeweka watu ndani ya friji."

Tukatoa kiti nje, kwenye veranda, kwenye joto letu la kawaida, na mishipa ikarudi yote siku hiyo hiyo. Ngozi ikipigwa baridi inafunga vijia vyake ili joto libaki ndani. Ikipata joto inavifungua ili joto litoke. Hakuna aliyeifundisha. Mtoto wa jana anajua.

Daktari wetu, kijana mpole aliyesoma Khartoum, ndiye aliyenipa hesabu. Aliniambia bomba likipanuka mara mbili, kinachopita hakiongezeki mara mbili. Kinaongezeka mara kumi na sita. Nikamwambia daktari, maleesh, samahani, lakini hapo umeniongopea. Hakukasirika. Akachukua kipande cha bomba la dripu na kingine chenye tundu pana mara mbili, urefu mmoja, akavitia kwenye ndoo moja iliyokaa juu ya meza. Mimi nashika kikombe na kuhesabu. Lile jembamba lilijaza kikombe nimeshapita mia na kuchoka. Lile pana nilihesabu mpaka kumi tu na miguu yangu ikalowa. Haikutoka kumi na sita kamili, daktari alisema ndoo yetu si maabara, lakini nilisimama pale na viatu vya maji nikihesabu upya kichwani. Kwa hiyo mwili hauhitaji kubana sana! Ukibana unywele mmoja tu mto mzima unapungua.

"Na sasa sikiliza hii," daktari akasema, akifurahi kama mtu mwenye peremende mfukoni. "Damu uliyonayo haitoshi mishipa yako yote. Yote ikifunguka pamoja, utaanguka."

"Sasa tunaishije?"

"Kwa kugawana."

Mnajua nyumba yenye pipa moja juu ya paa na bomba nyingi chini. Jikoni wakifungua, bafuni wakifungua, na uani wakifungua, la mwisho linakohoa tu. Ndivyo tulivyo. Ukila, tumbo linafunguliwa. Ukibeba jerikeni, msuli wa mkono unajifungulia wenyewe, unaomba na kupewa hapo hapo, bila kwenda kwa mkubwa. Moyo na kichwa havikatiwi. Nilipotoka kazini siku hiyo nilitembea mpaka Gudele nikiwaangalia watu barabarani, muuza chapati, askari, mama na beseni la samaki kichwani, nikawaza: ndani ya kila mmoja milango inafunguka na kufungwa, maelfu kwa maelfu, na yeye anawaza chenji.

Nawaambia haya yote ili muelewe siku ya Poni. Nilikuwa nayajua. Na siku ile nilifanya kinyume.

Poni alikuwa msichana wa mtaa wa Juba Na Bari, hajatimiza miaka ishirini na mbili, mzazi wa mara ya kwanza. Alijifungua nyumbani. Mtoto wa kike, mzima. Alitoka damu nyingi, ikapungua, wakamshukuru Mungu. Kesho yake asubuhi mama mkwe wake, ambaye mtaa mzima walimwita Haboba, yaani bibi, akawasha moto. Haboba ndiye aliyekuwa akiwaogesha wazazi wote wa mtaa ule: maji ya moto kweli kweli, majani ndani, kitambaa kinachovukizwa na kukandamizwa tumboni, halafu mzazi anafunikwa blanketi mpaka atoke jasho. Mama yangu aliogeshwa hivyo hivyo. Ni mila ya upendo, msidhani nyingine. Wanawake wengi walimwambia Haboba kwamba mikono yake ndiyo iliyowasimamisha.

Poni alianguka katikati ya kuoga. Wakamwamsha, akaanguka tena. Wakamtia kwenye raksha ya magurudumu matatu, Haboba amemshikilia wima kifuani pake, amemzungushia blanketi mbili, jua la saa tano.

Sista Prossy alikuwa chumba cha pili anashona kidonda cha kichwa. Daktari alikuwa ametoka. Nikawa peke yangu.

"Ana baridi, biniya, binti yangu," Haboba akaniambia. "Mguse miguu. Baridi ya uzazi imemwingia. Nimeoga yeye vizuri, maji moto kabisa, lakini haikutosha."

Nikagusa miguu. Baridi kama chupa ya soda. Mikono vilevile. Nikabonyeza kucha ya kidole chake, ikawa nyeupe, na ikabaki nyeupe. Mapigo yalikuwa mbio, membamba kama uzi. Nikatafuta mshipa wa dripu, hakuna. Na mimi, Kiden wa Kitambaa, nikafanya ninachokijua. Nikaleta chupa yangu ya chai. Nikamfunga kitambaa mkono wa kulia, kingine wa kushoto. Nikamwambia Haboba, "Endelea kumfunika." Nikajaza maji ya moto kwenye chupa za plastiki nikaziweka miguuni. Nikamwacha ameketi, ameegemea kifua cha Haboba, kwa sababu alionekana ametulia pale. Nikachoma mara moja, nikakosa. Mara ya pili, nikakosa.

"Mama," Poni akasema, polepole sana. "Mbona mmezima taa?"

Ilikuwa mchana. Dirisha lilikuwa wazi.

Sikumbuki kama niliita. Nadhani nilipiga kelele, maana Sista Prossy aliingia na uzi wa kushonea bado unaning'inia kwenye glavu. Aliangalia kitanda mara moja.

"Laza yeye! Chini, chini, kichwa chini! Miguu juu ya kiti. Toa blanketi. Toa chupa. Kiden, toa hii moto yako yote!"

"Sista, ana baridi..."

"Iko baridi kwa sababu imefunga! Imefunga mikono, imefunga miguu, inapeleka damu kidogo ilibaki kwa moyo. Wewe unafungua mlango ya nje, nyumba ndani inakufa!"

Nilihisi kama nimemwagiwa maji. Yote niliyojua yakanijia kwa pamoja, pipa, bomba, kugawana. Yule msichana alikuwa amepoteza damu, na mwili wake tangu jana ulikuwa unahesabu tone kwa tone, unabana hapa, unabana pale, unamlinda. Halafu tukaja sisi watu wawili tunaompenda, mmoja na sufuria na mwingine na chupa ya chai, tukafungua ngozi yote.

Tukamlaza. Miguu juu. Sista akamfunika shuka moja nyepesi, maana baridi nayo hakuitaka. Akaweka mkono tumboni, akakunja uso. "Mfuko umelala. Bado anavuja." Akaanza kukanda, kwa nguvu, kwa kuzungusha, kama anayekanda unga wa chapati. Akachoma sindano ya pajani ya kukaza mfuko wa uzazi. Hapo mjue jambo lingine ambalo mimi likinijia bado naacha ninachofanya: pale kondo la nyuma linapotoka huacha mishipa wazi, na kinachoifunga ni nyuzi za msuli wa mfuko wenyewe, zimepishana kama msuko wa nywele, zikikaza zinakaba kila mshipa kati yake. Mwanamke anaumbwa na mafundo yake ndani. Ya Poni yalikuwa yamelegea.

"Mimi nakanda," Sista akasema. "Wewe tafuta. Hapana kwa macho."

Nikashusha mkono wa Poni pembeni ya kitanda uning'inie. Nikafunga mpira, si kwa nguvu. Nikafumba macho kabisa. Kidole cha shahada kwenye kunjo la kiwiko, nikabonyeza, nikaachia, nikabonyeza. Haboba alikuwa kwenye kona amekaa sakafuni, mtoto mapajani, anasema kwa sauti ya chini, "Mimi nimemuua. Mimi nimemuua na maji."

"Haboba, nyamaza kidogo nimsikilize," nikamwambia, kama vile mshipa unasikika.

Lakini kweli nilisikia. Kitu chembamba, mbali, kama uzi chini ya blanketi. Sikufumbua macho mpaka sindano ilipoingia. Nilipofumbua kulikuwa na tone jekundu ndani ya kanula, kile kijibomba cha dripu, na sijaona rangi nzuri kuliko ile maishani mwangu.

Dripu ikakimbia. Ya kwanza niliikamua kwa mikono miwili, Sista bado anakanda. Mfuko ukakaza, "kama embe bichi," akasema, akanishika mkono nikaugusa juu ya tumbo: ulikuwa mgumu kweli. Poni akafungua macho akauliza mtoto yuko wapi. Akamuona. Akauliza tena, kama hakuamini jibu la kwanza.

Alihitaji damu ya mtu, si maji ya chumvi tu, kwa hiyo tukampeleka hospitali kubwa, mimi nimeshika dripu juu kama bendera. Mume wake na shemeji zake wakatoa damu. Alipokuwa anawekewa chupa ya kwanza, Haboba alisimama mbali na kitanda, mikono nyuma. Alikuwa haogopi watu, yule mama. Sasa alikuwa anaogopa mikono yake.

"Nani alifunga mishipa yake?" akaniuliza.

"Yeye mwenyewe, Haboba. Mwili wake."

Akafikiri. "Kwa hiyo tangu jana, na leo wakati mimi nasema baridi imemwingia, alikuwa anapigana."

"Alikuwa anapigana."

"Na mimi nikafungulia adui mlango."

"Tulifungua wawili."

 Sikuwa nimesema vile kumfariji. Ndiyo sababu nimeliandika hili hapa, mbele yenu, badala ya hadithi za siku nilizochoma mara moja nikapata. Kanuni mtasoma ukutani: mzazi aliyetoka damu asiogeshwe moto mpaka apimwe, anayezimia alazwe, miguu iwe juu, mkono mmoja unaweza kupata kitambaa, mwili mzima hapana. Mimi nilizijua kabla, zikaniponyoka kwa sababu nilikuwa nimeupenda ujuzi wangu kuliko mkono niliokuwa nimeushika.

Haboba akauliza kama anaruhusiwa kumgusa miguu. Nikamwambia aguse, lakini asisugue, asipashe. Akakaa mwisho wa kitanda, akaiweka ile miguu juu ya mapaja yake, akaifunika kwa viganja vitupu. Baridi bado. Tukangoja. Chupa ya kwanza ya damu ikaisha, ikatundikwa ya pili. Poni alikuwa amelala, mtoto ubavuni mwake ananyonya huku mama hajui. Muuguzi alipita, akapima presha, akatikisa kichwa kwa kukubali, akaenda.

Katikati ya chupa ya pili Haboba akainua uso.  Akahamisha kiganja kutoka kwenye unyayo mpaka kwenye vidole, kimoja kimoja, mpaka kile kidogo.

"Ya biniya," akaninong'oneza, kama mtu anayeogopa kumwamsha mgeni. "Njoo shika. Imeanza kufungua yenyewe."